Antaktika kwenye uwanja wa shule: mwongozo kwa walimu wa Dodoma

Ukitaja Ncha ya Kusini darasani, wanafunzi watakujibu "pengwini!" na somo litaganda hapo hapo. Pengwini watapata nafasi yao, ila si wa kuanza nao. Sayansi ya ncha za dunia ni sayansi ya kupima: pembe ya jua, joto, unene wa barafu, vumbi lililonaswa ndani yake. Kwa upande wa kupima, shule ya Dodoma haijapungukiwa. Jua lipo, vumbi lipo, ukame hakuna mtoto wa Bahi au Chemba asiyeujua, na barafu ya shilingi mia inauzwa nje ya geti.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa la tano hadi kidato cha pili, mwenye wanafunzi sabini au zaidi kwenye mkondo mmoja, asiye na maabara, na ambaye friza ya karibu ni ya mama anayeuza barafu mtaani. Si lazima ufuate hatua zote. Ukiwa na vipindi viwili tu, chukua hatua ya 3 na ya 5, nyingine ziache kwa klabu ya mazingira.

Hatua ya 1: Tafuta nafasi kwenye azimio la kazi

Usianzishe mada mpya. Mada mpya hukosa kipindi, na isiyo na kipindi hufa. Ncha za dunia zinaingia vizuri kama mifano ndani ya mada zilizopo: kuelea na kuzama, hali za maada, kusafiri kwa joto, mizunguko ya dunia, latitudo na longitudo, hali ya hewa na tabianchi. Kwenye Hisabati kuna namba hasi na grafu. Mthibiti ubora akiingia akakuta deli la barafu mezani, andalio lako la somo limwonyeshe umahiri uleule anaoutarajia. Kilichobadilika ni zana tu.

Ongea mapema na mwalimu wa Hisabati na wa Jiografia. Vipimo mtakavyovipata vitawafaa nao, na wakati mwingine watakupa dakika zao.

Hatua ya 2: Dodoma upande huu wa ubao, Ncha ya Kusini upande ule

Chora safu mbili na mzijaze pamoja. Latitudo: Dodoma ni karibu digrii 6 kusini, ncha ni digrii 90 kusini. Mwinuko: Dodoma takriban mita 1,120, kituo cha utafiti cha Amundsen-Scott, kilichopo kwenye ncha yenyewe, mita 2,835. Mvua: Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, theluji ya mwaka mzima ya kwenye ncha ikiyeyushwa haifiki milimita 100.

Sasa uliza: jangwa ni lipi? Darasa litabishana, liache libishane. Kwa kipimo cha mvua, Antaktika ni jangwa, tena kavu kuliko Dodoma yetu tunayoilalamikia kila mwaka. Ndipo ulete swali gumu zaidi: kama theluji inayoanguka ni kidogo kiasi hicho, barafu yenye unene wa wastani wa karibu kilomita 2 imetoka wapi? Usikimbilie kujibu. Kuna mtoto atakayesema "haiyeyuki", na huyo ndiye aliyeshika uzi wa somo zima. Theluji kidogo imelundikana juu ya theluji kidogo kwa mamia ya maelfu ya miaka. Karibu mwinuko wote ule wa mita 2,835 ni barafu tupu. Mwamba uko chini kabisa.

Ukubwa wa Antaktika ni kama kilomita za mraba milioni 14. Tanzania ni kama 945,000. Wagawanye wenyewe, watapata karibu Tanzania 15. Kwa namba hasi, wape rekodi ya baridi ya kituo cha utafiti cha Vostok, Antaktika: nyuzi hasi 89.2 za Selsiasi, tarehe 21 Julai 1983. Dodoma mchana ikiwa nyuzi 30, tofauti ni ngapi? Wengi watatoa badala ya kujumlisha, na hapo mwalimu wa Hisabati atakushukuru.

Hapa pia ndipo pa kutenganisha ncha mbili zinazochanganywa hata kwenye vitabu vya picha. Kaskazini ni Aktiki, bahari iliyoganda na kuzungukwa na nchi kavu. Kusini ni Antaktika, bara lililozungukwa na bahari. Dubu weupe wako kaskazini, pengwini wako kusini, hawajawahi kuonana. Kaskazini wanaishi watu tangu kale, kama Wainuiti wa Greenland na Kanada na Wasami wa kaskazini ya Ulaya. Antaktika haina wenyeji, ina watafiti na wahudumu wao. Na pengwini hawahitaji barafu lazima: wapo wanaotaga kwenye fukwe za Afrika Kusini na Namibia.

Hatua ya 3: Pimeni kivuli, lakini msipime saa sita kamili

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na haigharimu kitu. Simika kijiti kilichonyooka, mita 1 kutoka ardhini, mahali pasipofikiwa na kivuli cha mti wala jengo. Kiwe wima kwa timazi. Jiwe lililofungwa kwenye uzi linatosha. Kila baada ya dakika tano mwanafunzi aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli, mwingine apime urefu, wa tatu aandike.

Sasa suala la saa. Saa ya Tanzania imefuata longitudo ya digrii 45 mashariki, wakati Dodoma ipo karibu na 36. Dunia huchukua dakika nne kuzunguka digrii moja, kwa hiyo jua letu huchelewa kufika katikati kwa wastani wa dakika 37 hivi. Kutegemea mwezi, adhuhuri halisi ya Dodoma huangukia kati ya saa 6:20 na saa 6:52 mchana. Anzeni kupima saa 6:15 na kumaliza saa 7:00. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho mnachokitafuta, na mstari wake ndio kaskazini na kusini ya kweli ya uwanja wenu. Uwekeni alama ya kudumu kwa chokaa.

Kwa Dodoma mjini, mtarajie hivi. Tarehe 21 Machi na 23 Septemba, kivuli cha sentimita 11 kikielekea kusini. Tarehe 21 Juni, sentimita 57, bado kusini, kwa sababu jua liko kaskazini yetu. Tarehe 21 Desemba kivuli kinageuka, sentimita 31 kuelekea kaskazini. Na karibu na tarehe 5 Machi na 9 Oktoba kijiti hakina kivuli kabisa. Jua liko utosini. Kondoa, iliyo kaskazini kidogo, siku hiyo huangukia kama siku tatu baadaye mwezi Machi na siku tatu mapema mwezi Oktoba. Mkitofautiana na namba zangu kwa sentimita mbili tatu, angalieni kwanza kama kijiti kimeinama.

Usumbufu ni kwamba Juni 21 na Desemba 21 kwa kawaida huangukia likizo. Ifanye kazi ya nyumbani. Watakaokwenda kwa bibi Singida au kwa shangazi Tanga watarudi na namba tofauti, na tofauti hiyo ni latitudo.

Baada ya vipimo ndipo ulete Antaktika. Kijiti hichohicho kikisimikwa Ncha ya Kusini tarehe 21 Desemba, jua litakuwa digrii 23.4 juu ya upeo wa macho na litabaki kwenye kimo hicho saa zote 24. Kivuli kitakuwa na urefu wa mita 2.3, mchana na "usiku", kikizunguka kijiti bila kurefuka wala kufupika. Chukua kamba ya mita 2.3, ifunge kwenye kijiti, mwanafunzi mmoja atembee duara zima huku wenzake wakitaja saa: sita mchana, tisa alasiri, kumi na mbili jioni, sita usiku. Kisha uliza itakuwaje tarehe 21 Juni. Jibu ni kwamba hakuna kivuli kwa sababu hakuna jua. Lilizama Machi na halitachomoza hadi Septemba. Nimeona somo la mhimili wa dunia likifundishwa kwa michoro wiki nzima bila kueleweka, na kamba hii ikamaliza kazi kwa dakika kumi.

Hatua ya 4: Tochi na karatasi ya grafu

Hii ni fupi. Shikilia tochi ya simu wima sentimita 20 juu ya karatasi ya grafu, chora mpaka wa mwanga, hesabu miraba. Inamisha tochi bila kubadilisha umbali, chora tena, hesabu tena. Mwanga ni uleule, miraba imeongezeka, kwa hiyo kila mraba umepata kidogo. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya baridi ya ncha za dunia. Umbali kutoka kwenye jua hauhusiki, ingawa darasa lote litakuambia unahusika.

Hatua ya 5: Siku ya barafu

Agiza barafu siku moja kabla kwa anayeuza, umwombe agandishe maji matupu, yasiyo na sukari wala rangi, kwenye makopo ya majarini. Vipande vikubwa vinakaa. Vidogo vitakuwa maji kabla ya kengele. Visafirishe kwenye deli, na kama hulipati, ndoo yenye kifuniko iliyojazwa maranda ya mbao kutoka kwa fundi seremala na kufunikwa gunia itashika barafu asubuhi nzima. Umeme ukikatika usiku, hamisha somo. Usilazimishe kwa barafu nusu.

Jaribio la kwanza ni la usawa wa bahari. Kata chupa mbili zinazofanana za maji za lita 1.5. Kila moja weka jiwe la ukubwa sawa. Chupa ya kwanza ni bahari yenye barafu inayoelea: jaza maji mpaka jiwe lizame kabisa, weka kipande cha barafu kielee. Ya pili ni nchi kavu: maji yaishie chini ya kichwa cha jiwe, na barafu ikae juu ya jiwe bila kugusa maji. Weka alama ya usawa wa maji kwa kalamu, kisha kila kundi liandike utabiri wake kabla barafu haijayeyuka. Usiruke sehemu ya utabiri. Bila utabiri hili ni onyesho tu.

Katika chupa ya kwanza maji hayatapanda. Barafu inayoelea, ambayo karibu sehemu tisa ya kumi zake ziko ndani ya maji, tayari imesukuma maji kiasi kilekile itakachokitoa ikiyeyuka. Katika chupa ya pili maji yatapanda juu ya alama. Ndiyo maana barafu ya Bahari ya Aktiki ikiyeyuka usawa wa bahari haubadiliki sana, lakini barafu ya Greenland na Antaktika ni habari nyingine. Barafu yote ya Greenland ikiyeyuka, bahari ingepanda mita 7 hivi. Ya Antaktika yote, mita 58 hivi. Sema wazi kwamba kuyeyuka kote huko ni jambo la karne nyingi, hata maelfu ya miaka, maana kuna mtoto mwenye ndugu Dar es Salaam atakayekwenda nyumbani na hofu. Kilichokwisha kupimwa ni kupanda kwa wastani wa sentimita 20 duniani kati ya 1901 na 2018, na hizo zinatosha kuleta shida ufukweni.

Jaribio la pili ni kuwapa wanafunzi nyuzi hasi wazione kwa macho yao. Ponda barafu ndani ya kitambaa, changanya vikombe vitatu vya barafu na kikombe kimoja cha chumvi ya mawe ndani ya kopo la bati, koroga. Mwaga maji kidogo juu ya ubao na uweke kopo juu yake. Baada ya dakika chache kopo na ubao vitakuwa vimegandana, nje kukiwa na jua la Dodoma. Kipimajoto cha maabara huishia nyuzi hasi 10, kwa hiyo usishangae kikifika mwisho na kukwama. Tumia chenye kimiminika chekundu. Cha zebaki kikivunjika mikononi mwa watoto ni hatari. Cha kupimia mgonjwa hakifai hapa, huanzia nyuzi 35. Na mtu asiingize kidole kwenye mchanganyiko huo: unaunguza ngozi kwa baridi. Elezea kwamba kwa sababu hiyohiyo ya chumvi, maji ya bahari huganda kwenye nyuzi hasi 1.9 hivi badala ya sifuri.

Jaribio la tatu ndilo la wanyama, na hapa pengwini wanapata zamu yao. Mwanafunzi apake kidole kimoja mafuta mazito ya mgando, kingine kibaki kitupu, atumbukize vyote viwili kwenye maji ya barafu yasiyo na chumvi, sekunde 30 zisizidi. Kidole chenye mafuta kinachelewa kupata baridi. Pengwini, sili na nyangumi wana tabaka la mafuta chini ya ngozi kwa kazi hiyo. Wafugaji wa Mpwapwa na Kongwa watakuuliza kuhusu mkia wa kondoo, na ni swali zuri: mafuta yale ni akiba ya chakula kwa kiangazi, na kwa kuwa yamekusanyika mkiani, hayamfuniki mnyama mwili mzima kumzidishia joto. Mafuta ni yaleyale, kazi imegeuka kwa sababu ya mahali.

Hatua ya 6: Kopo jeupe, kopo jeusi

Chukua makopo mawili sawa ya nyanya. Moja lipake chokaa, jingine masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo. Tia maji kiasi sawa, funika, yaweke juani saa tano asubuhi na upime joto kila dakika kumi. Jeusi litapanda haraka zaidi. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua; maji ya bahari yaliyo wazi humeza zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo barafu ya bahari ikipungua, bahari humeza joto zaidi, na joto hilo hupunguza barafu zaidi. Acha darasa lichore mduara huo wenyewe ubaoni kwa mishale. Hiyo ni mojawapo ya sababu Aktiki inapata joto kwa kasi kuliko wastani wa dunia.

Hatua ya 7: Tengeneza nguzo ya barafu na uisome

Wanasayansi hutoboa barafu na kutoa nguzo ndefu, kisha huzisoma tabaka kwa tabaka. Iliyotolewa mahali panapoitwa Dome C, Antaktika, ilichimbwa hadi mita 3,270 na ina kumbukumbu ya miaka 800,000. Viputo vya hewa vilivyonaswa humo ni hewa yenyewe ya kale. Vinaonyesha kwamba katika muda wote huo, kabla ya enzi ya viwanda, kabonidayoksaidi ilikuwa kati ya sehemu 180 na 300 kwa milioni. Leo imezidi 420.

Kutengeneza yako kunahitaji chupa ya nusu lita iliyokatwa juu na siku tano za friza. Gandisha sentimita mbili kila usiku: maji matupu, maji yenye vumbi jekundu la uwanjani, maji matupu tena, maji yenye jivu, kana kwamba Oldoinyo Lengai umelipuka, mwisho maji ya rozela, ambayo kazi yake ni kukupa rangi ya kujadili tu. Badilisha unene wa tabaka makusudi. Andika ufunguo wako na uufiche. Siku ya somo tumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu, nguzo itateleza nje. Kila kundi lipime, lichore, na kuandika habari ya "miaka" hiyo: upi ulikuwa wa theluji nyingi, upi wa ukame, upi wa volkano. Kwa darasa kubwa tengeneza nguzo tatu zinazofanana, la sivyo walio nyuma hawataona kitu.

Halafu walete nyumbani, maana nguzo za aina hii zimetolewa Tanzania. Mwaka 2000 kikundi kilichoongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, kilitoboa barafu ya kilele cha Kilimanjaro na kutoa nguzo sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: barafu ya zamani zaidi ilikadiriwa kuwa na miaka 11,700, na ndani yake kulikuwa na tabaka la vumbi la kama miaka 4,000 iliyopita, wakati wa ukame mkali Afrika. Mtoto aliyetia vumbi la uwanjani kwenye chupa anaelewa jambo hilo bila kuelezwa mara mbili.

Barafu ya Kilimanjaro ilifunika kama kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na 2.6 mwaka 2000. Fundisha namba hizi, ila uwe mwangalifu na maelezo yake. Kupungua kulianza tangu mwishoni mwa karne ya 19, na ukavu wa hewa na uhaba wa theluji vimechangia pakubwa pamoja na joto. Pia tuache kuwaambia watoto kwamba mito ya Moshi inaitegemea barafu hiyo. Sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua ya msitu ulio chini ya kilele. Anayetaka kuilinda mito hiyo aulinde msitu.

Hatua ya 8: Grafu ya namba tano

Setilaiti zimepima barafu ya Bahari ya Aktiki mfululizo tangu mwishoni mwa 1978. Kila mwaka hufikia kiwango cha chini mwezi Septemba. Andika ubaoni, kwa milioni za kilomita za mraba: mwaka 1979: 6.9; 2007: 4.2; 2012: 3.4; 2020: 3.8; 2024: 4.3. Wanafunzi wachore, kisha uwape ubishi: je, kwa kuwa 2024 ni kubwa kuliko 2012, barafu imepona? Wanaolima mtama wanalijua jibu kwa njia yao, mwaka mmoja wa mvua nzuri haujafuta miaka mingi mibaya. Mwelekeo husomwa kwenye miongo. Tofauti ya 1979 na 2012 ni milioni 3.5, yaani zaidi ya Tanzania tatu na nusu. Ukiwa na simu yenye bando, kituo cha takwimu za theluji na barafu cha Colorado, Marekani, kinachojulikana kama NSIDC, hutoa namba mpya kila siku bure. Chapisha grafu moja stesheneri ibandikwe ukutani.

Tahadhari moja kwenye mada hii: wanafunzi wengi huamini kwamba joto la dunia linaingia kupitia tundu la ozoni. Ni mambo mawili. Tundu la ozoni juu ya Antaktika lilitangazwa mwaka 1985 na wanasayansi wa Uingereza waliopima kutoka kituo cha Halley; chanzo chake ni kemikali zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliziondoa taratibu na ozoni inarejea polepole. Joto la dunia hutokana hasa na gesi kama kabonidayoksaidi. Wala usiwaambie kwamba ukame wa Dodoma umeletwa na kuyeyuka kwa Antaktika. Dodoma ilikuwa kame kabla ya mtu yeyote kuiona Antaktika.

Hatua ya 9: Waulize wanaojua

Anza na walio karibu. Kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) mjini na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanafikika kwa barua ya mwalimu mkuu. Kwa walioko mbali, chama cha wanasayansi vijana wa ncha za dunia, APECS, huendesha Wiki ya Ncha za Dunia mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, wakati usiku na mchana vinapolingana, na hupenda kuunganishwa na shule. Tarehe 21 Machi pia ni Siku ya Barafuto Duniani (barafuto ni barafu kubwa za nchi kavu, kama zile za Kilimanjaro), iliyoanza kuadhimishwa 2025. Zote mbili ziko ndani ya muhula.

Usijenge somo juu ya mkutano wa video wa moja kwa moja. Bando litaisha au mtandao utakwama, na watoto themanini watakuwa wanaangalia kioo cheusi. Tuma maswali matano yaliyochaguliwa na darasa, omba majibu ya sauti kwa WhatsApp, tafsiri usiku, wasikilize kesho yake kwenye spika. Chuja maswali: "kuna baridi?" lisipite. "Choo huenda wapi?" lipite, lina sayansi nyingi kuliko linavyoonekana.

Kwa mwalimu wa Historia kuna mdahalo uliotayari: Antaktika ni ya nani? Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, ya Afrika ikiwa moja tu, Afrika Kusini. Ulianza kutumika tarehe 23 Juni 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Na kwa wapenda hadithi, kuna meli ya Ernest Shackleton, Endurance, iliyobanwa na barafu mpaka ikazama mwaka 1915, watu wote 28 wakaokoka. Mabaki yake yalionekana Machi 2022 kwenye kina cha mita 3,008, kwa msafara uliotumia meli ya Afrika Kusini, S.A. Agulhas II.

Hatua ya 10: Kaunta buku moja, isiyohama

Nunua kaunta buku kubwa, ikae ofisini, isiende na mwalimu akihamishwa. Kila kipimo cha kivuli, cha makopo na cha barafu kiandikwe kwa tarehe, saa, urefu au joto, na hali ya mawingu. Darasa la mwakani likipima tarehe ileile, lifungue ukurasa wa mwaka huu lilinganishe. Safu ya mwisho ni ya jina la aliyepima, maana sentimita 11 ikiandikwa 17, ni lazima ujue wa kumuuliza.